Robo Kidole, Nusu Ukucha

12 Januari

Dada,

Shikamoo. Mke wangu amenisimamia hapa, anasema nimsalimie wifi yake kwanza kabla sijaanza kujisifu. Haya, wifi yako anakusalimu, na anauliza kama goti lako bado linatabiri mvua au limestaafu kabla yako. Mtoto wetu wa mwisho amepata kazi ya kusoma mita za maji. Kila jioni anarudi na habari mpya za mbwa wa watu. Shemeji mpe mkono wangu. Mwambie ile redio aliyonitengenezea bado inashika kituo kimoja tu, lakini hicho kimoja inakishika kwelikweli.

Sasa naomba ruhusa nijisifu. Mdogo wako ni mwalimu.

Usicheke. Kile chuo cha ufundi chenye geti la bluu, mtaa wa pili kutoka dukani, mwalimu wao wa ushonaji amekwenda likizo ya uzazi. Mkuu wa chuo alikuja kuchukua suruali yake, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema, "Fundi, mtu anayekata hivi hawezi kukosa la kufundisha." Mimi na sifa unatujua. Nilikubali kabla hajafunga zipu.

Nina wanafunzi kumi na mmoja. Nilidhani watakuwa watoto, kumbe wengi ni watu wazima wenye nyumba zao. Mmoja alipika kwenye jiko la shule miaka ishirini, moshi ukamchosha, akaja kujifunza cherehani. Huyo darasa zima linamwita Bi Kwanini, na ukikaa naye dakika tano utajua jina hilo alilipataje.

Siku ya kwanza niliwapa kanuni ya marehemu baba. Unaikumbuka: robo kidole, nusu ukucha, zima acha. Ukigawa kiuno mara nne, kila robo unaiongezea upana wa kidole. Ukigawa mara mbili, unaongeza upana wa ukucha. Usipogawa, kama urefu wa mguu, unaacha kilivyo. Niliiimba kama alivyokuwa akiiimba yeye, chaki nyuma ya sikio. Wote wakaandika. Bi Kwanini naye akaandika, kisha akainua kalamu.

"Mwalimu, kwa nini?"

"Kwa nini nini, mama?"

"Kwa nini kidole?"

Dada, hilo sikuwahi kujiuliza. Miaka thelathini na miwili naongeza hicho kidole! Nikasema, "Ili mtu apumue."

"Na mguu je? Mguu haupumui?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda wote, kama afanyavyo mtu aliyeshikwa.

Wewe ulikaa dukani kabla yangu. Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ulikuwa unatoboa matundu ya vifungo kama mashine, na mimi wa miaka minane kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Baba aliwahi kukwambia sababu? Nijibu upesi, nina darasa kila Jumatatu na Alhamisi, na yule mama anakaa mstari wa mbele.

Halafu mwaka huu unastaafu. Nakuomba tena: niruhusu nikushonee suti ya siku ya kuagwa. Najua utakavyojibu, lakini naomba.

Mdogo wako,
Mwalimu (zoea hilo jina)


9 Februari

Mwalimu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti halijastaafu, juzi lilitabiri mvua ikanyesha mtaa wa jirani. Shemeji yako ana jino linalomsumbua na hataki kwenda kuling'oa, anasukutua maji ya chumvi na kulaumu serikali. Msalimie wifi. Huyo wa mita za maji mwambie shangazi yake anasema asimtazame mbwa machoni.

Kliniki ni watoto tu, asubuhi hadi mchana. Wauguzi wadogo wananicheka kwa sababu kila asubuhi, kabla sijampokea mtoto wa kwanza, naurudisha mshale wa mzani kwenye sifuri. Wanasema, "Dada mkubwa, mbona jana jioni ulikuwa sifuri?" Nawaambia jana ni jana. Hao ndio watakaobaki na kazi nikiondoka. Mungu awasaidie watoto.

Umefanya vizuri kufundisha. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawafundisha kuku kupanga mstari. Natumai hawa wanakusikiliza zaidi.

Kuhusu kidole, mambo ya kushona niliyaacha zamani. Unajua uzi ulikuwa unanikohoza. Baba alikuwa na njia zake, wewe zifuate tu.

Suti nitanunua ya dukani kama kawaida. Asante.

Ile futi ya baba ya kupimia bado unayo? Nilidhani imeshaliwa na panya.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole ya jino la shemeji. Sisi hatujambo kiafya, ila mimi heshima yangu imelazwa. Kuhusu futi ya baba, ninayo shingoni hivi sasa ninapoandika. Tarakimu za mwanzo zimefutika zote, naanza kusoma arobaini kwenda mbele, chini ya hapo nahesabu mistari kurudi nyuma, lakini sijawahi kutumia nyingine na sitaki.

Ngoja nikueleze, kisha ucheke mara moja yaishe.

Kwanza nikiri kwamba kufundisha kumenifanya nijifunze kushona. Wiki iliyopita Bi Kwanini aliuliza kwa nini pande la nyuma la suruali hukatwa kubwa kuliko la mbele. Safari hii sikubuni jibu. Nilisema, "Mama, sijui, tutafute." Tukakaa chini sakafuni sote kumi na wawili, tukafunga uzi kiunoni, tukainama, tukachuchumaa, tukaona uzi unavyovutwa nyuma na kulegea mbele. Kumbe nyuma ni kubwa kwa sababu binadamu hukaa! Nimekata nyuma kubwa miaka yote hiyo, na hilo limenijia nikiwa nimechuchumaa mbele ya mpishi. Siku hizi naamka mapema kuandaa somo. Mke wangu ndiye mwanafunzi wa majaribio, namweleza akikaanga mayai. Akielewa bila kugeuka, somo limeiva. Akigeuka, narudi kuandika upya.

Sasa aibu yenyewe. Wanafunzi walipimana wawili wawili na kukata suruali zao za kwanza kwa kanuni yetu. Mmoja, wa kiherehere, alimpima Mkuu wa chuo ili amshonee zawadi. Siku ya kuvaa, suruali kumi na moja, Dada, kumi na moja zote, zilikuwa pana kiunoni kwa sentimita sita. Kila moja sita, hakuna ya tano wala ya saba. Jumlisha hizo ziada upate sitini na sita: ni kiuno kizima cha mtu mwembamba. Tulikuwa na mtu wa ziada darasani aliyetengenezwa kwa makosa yangu.

Ya Mkuu ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa amekaa mbele kwenye kikao cha walimu. Akainuka kutoa neno. Mkuu alisimama, suruali ikaendelea kukaa.

Nikachukua watu walewale, nikawapima upya mwenyewe, kanuni ileile, nikakata. Zikakaa kama zimezaliwa nao. Wanafunzi wakasema, "Mwalimu ana mkono." Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha Mkuu akaniita ofisini, amevaa suruali ya zamani na mkanda.

"Fundi," akasema, "mkono wako siwezi kuupeleka kwenye mtihani. Katikati ya Juni mtahini anakuja kutoka nje, na kila mwanafunzi atampima mtu asiyemjua na kumkatia. Wakishindwa, mwaka wao umekwenda, na darasa la ushonaji pengine linafungwa. Nakupa mpaka mwanzo wa Mei. Kama kazi haijaeleweka, nitatafuta mtu mwingine."

Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma. Bi Kwanini ameacha kazi yake kwa ajili ya hii kozi.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na sasa si kwa utani. Baba aliongeza kidole kwa sababu gani? Na kwa nini kanuni inafanya kazi mkononi mwangu tu? Jumapili nilikupigia simu, ukasema mtandao mbaya hunisikii. Mtandao haukuwa mbaya, Dada. Nilimsikia shemeji nyuma yako akisukutua.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Jino la shemeji yako limeng'olewa hatimaye. Alilia, kisha akaomba alichukue, sasa liko kabatini kwenye kikombe. Mimi nilikuwa na semina ya siku tatu ya kufundishwa kuosha mikono. Nimeosha mikono miaka thelathini na sita, lakini cheti nimepewa.

Waambie wanafunzi wako waache kidole. Waache na ukucha pia. Wagawe tu na kukata.

Usiniulize zaidi.

Msalimie wifi.

Dada yako


3 Mei

Dada,

Shikamoo. Wifi yako mzima. Msoma mita ameumwa na paka. Wewe ulimwonya kuhusu mbwa tu.

Nilifuata ulivyosema. Niliingia darasani nikafuta kanuni ya baba ubaoni kwa mkono wangu, na nakwambia ukweli, niliona kama nafuta jina lake. Wakagawa, wakakata bila kidole. Suruali kumi na moja zikakaa. Mkuu akavaa yake, akasimama, akakaa, akasimama tena bila kushika kitu. Akanipa mkono. Bi Kwanini alicheza kidogo katikati ya vyerehani.

Basi nami, kwa kuwa ni mtu wa haki, nikasema na mimi niache kidole. Nikajikatia suruali ya kijivu, futi ya baba, kugawa tu. Nilipoivaa nyumbani sikuweza kuongea sentensi ndefu. Nikainama kufunga kiatu. Kifungo kiliruka, kikagonga sufuria, na mke wangu akasema bila kugeuka, "Ingia." Alidhani kuna mtu mlangoni.

Sasa hilo halikuniacha nikae. Wao wakiongeza kidole zinakuwa pana. Mimi nisipoongeza inabana. Pana kwa sita, finyu kwa sita. Alhamisi nikaenda darasani nikawaambia yote, pamoja na kifungo. Nikasema, "Mwalimu wenu hajui. Nisaidieni."

Wakatazamana. Mimi ningemsikia mwalimu wangu akisema hivyo, ningemdharau. Hawa walisogeza viti. Tukaandika ubaoni kila kitu nilicho nacho mimi na wao hawana: umri, kitambi, chaki yangu, meza yangu, mkasi wangu. Tukawa tunafuta kimoja kimoja. Bi Kwanini akanyoosha mkono, nikadhani anataka kuuliza, kumbe anataka futi iliyoko shingoni mwangu. Akailaza mezani kando ya yake, kibati cha mwanzoni kwa kibati cha mwanzoni.

"Mwalimu," akasema, "hamsini yako iko wapi?"

Hamsini yangu ilikuwa kwenye arobaini na nane yake. Sitini yangu kwenye hamsini na nane. Mia kwenye tisini na nane. Futi ya baba haina sentimita mbili za kwanza, Dada. Inaanza na mbili, na kibati kimekaa pale mwanzoni kama hakijui chochote.

Basi tukapiga hesabu sote, na sijawahi kufurahia hesabu hivyo. Kiuno cha themanini, futi yangu inasema themanini na mbili. Gawa mara nne, ishirini na nusu. Nikiipima hiyo ishirini na nusu kwenye kitambaa kwa futi hiyohiyo, ninakata kumi na nane na nusu. Nilitakiwa kukata ishirini. Pengo ni sentimita moja na nusu. Unajua sentimita moja na nusu ni nini? Weka kidole chako mezani. Gawa mara mbili, pengo ni sentimita moja: ukucha. Usipogawa, kosa la kupima na kosa la kukata yanafutana, unaacha kilivyo. Robo kidole, nusu ukucha, zima acha. Kanuni nzima ya baba, ile niliyoiimba kama sala, ni dawa ya futi iliyokatika. Haifai kwa futi nyingine yoyote duniani.

Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi. Miaka thelathini na miwili nasifiwa mkono, na mkono haukuwa unajua unafanya nini. Baba aliponifundisha sikumuuliza sababu hata siku moja, niliogopa kuonekana mjinga. Imebidi nisimame mbele ya watu nifundishe ndipo ujinga wangu ukapata pa kutokea.

Sasa wewe. Uliniambia waache kidole. Hukusema jaribu, ulisema waache. Hujawahi kuingia darasa hili, hujawahi kuona futi zao. Uliuliza kama futi ya baba imeliwa na panya.

Sikulazimishi. Ila nimekaa hapa nakumbuka kwamba hujawahi kunipa nikupime, wala kukanyaga duka tangu baba afe, na kwamba wewe unayekohozwa na uzi umevaa sweta maisha yako yote.

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Leo salamu nafupisha, nikizirefusha nitaishia kwenye jino la shemeji yako.

Ni mimi.

Baba alikuwa amekwenda kuchukua vifungo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na aliahidi kwamba nikifika kumi na minne atanifundisha kukata. Sikuweza kusubiri. Nilitaka akirudi akute robo ya suruali imekatwa, aseme nani amekata hii, niseme mimi. Nikachukua ule mkasi mkubwa aliotukataza kuugusa. Unakumbuka ulivyokuwa mzito? Futi ilikuwa chini ya kitambaa, sikuiona. Niliisikia tu. Kitambaa hakilii vile.

Ilikatika sawasawa kwenye mstari wa pili, kana kwamba nimepima. Wewe ulikuwa chini ya meza na sumaku yako, ukauliza, "Dada, nini?" Nikakwambia okota pini.

Nilikibandua kibati kwenye kile kipande kwa meno, nikakiweka kwenye futi, nikakibana kwa meno tena. Kililegea. Kila baba alipoichukua futi nilikuwa namwomba Mungu kisidondoke.

Wiki zilizofuata ulikuwa mdogo, huzikumbuki. Suruali zote zilibana. Karani wa posta aliinama kazini ikapasuka mbele ya foleni, akaja dukani amejifunga gazeti. Watu walimwambia baba amezeeka. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa anafumua na kushona upya, anasimama, anatazama mikono yake. Nilimwona akiitazama, mdogo wangu, mbele na nyuma, kama ya mtu mwingine. Akaenda kupimwa macho, wakamuuzia miwani. Akaivaa mwezi mzima na bado zilibana. Mimi nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwake, natoboa matundu ya vifungo, na nilijua, na sikusema.

Kisha akaanza kuimba ile kanuni yake, zikaacha kubana, akaivua miwani. Nikadhani nimepona. Lakini kila akiongeza kidole nilikuwa naona ananinyooshea mimi. Siku niliyofikisha kumi na minne akasema haya, njoo tukate. Nikakohoa. Nimekohoa mpaka leo.

Alikufa anaamini kwamba mikono yake iliwahi kumsaliti. Hilo ndilo siwezi kulipima. Nimekwenda kukaa kwenye mizani, kila asubuhi narudisha sifuri, na ile moja sikuirudisha.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo ya dawa. Kipande kiko humo. Nimehama nyumba tano nacho. Ishone mahali pake, tafadhali.

Dada yako


28 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, hii ya pili ni ya deni la miaka yote niliyokutania kuhusu sweta.

Wifi yako ameisoma barua yako kabla yangu, samahani, ndivyo ndoa ilivyo. Alikuja dukani nayo mkononi, akanivua futi shingoni, akasema funga mlango kidogo. Msoma mita anakusalimu, paka na yeye wamepatana.

Niharakishe habari ya mtihani nijue umetulia. Mtahini alikuja na watu wake wa kupimwa, wa maumbo ya kutisha makusudi. Tisa wamefaulu. Wawili watarudia, mmoja kwa sababu alishona mfuko ukiwa umefungwa pande zote, mfuko salama kuliko benki. Bi Kwanini alipewa kumpima mzee mmoja aliyeinama upande, na kabla hajamgusa aliilaza futi yake kwenye rula ya ukutani. Mtahini akamuuliza, "Kwa nini?" Nadhani ni mara ya kwanza kuulizwa yeye. Akasema, "Mwalimu wetu alitufundisha tusiamini futi." Nilikuwa nimesimama mlangoni nikajifanya naangalia dari. Mkuu ameniomba nibaki hata mwalimu wao akirudi, siku moja kwa wiki. Nimekubali, safari hii baada ya yeye kufunga zipu.

Sasa kipande chako.

Nilikiweka mezani mbele ya mwanzo wa futi. Moja, mbili, na mkato umeingia kwenye mkato. Nikachukua wembe nikibandue kibati nishone kama ulivyoagiza. Kibati hakikubanduka. Ulisema kilikuwa kinalegea. Nimeivaa futi hii tangu nikiwa kijana na hakijawahi kucheza hata kidogo. Nikakikunjua pole pole kwa koleo.

Dada, chini ya kibati kuna mishono. Saba, uzi mweusi wa kukunjwa mara mbili, midogo, imerudi nyuma kila mmoja, na mwisho fundo la kuzungusha mara tatu. Nikifumbwa macho nitalijua fundo hilo. Wewe pia utalijua, lilikuwa kwenye kila kifungo tulichovaa shuleni.

Kibati kililegea, baba akakifungua aone, na alipokifungua aliona mkato. Hakuna fundi anayeuona mkato wa mkasi akadhani ni panya. Na katika nyumba ile ya mkasi uliokatazwa, mmoja alikuwa na miaka minane na sumaku, wa pili alikuwa amekaa mita moja kutoka kwake hathubutu kuinua uso. Akakishona kibati mahali pake kikaze, kisidondoke mbele yako. Miwani aliivua kwa sababu alishajua macho yake mazima. Ile kanuni vilevile: nimeipigia hesabu na darasa zima ubaoni. Mtu hawezi kuipata kwa kubahatisha, kidole hapa na ukucha pale, bila kujua kwamba zimepungua mbili kamili.

Utauliza kwa nini hakununua futi mpya. Zilikuwa zinauzwa duka la jirani. Mimi nadhani hivi, na mimi ni mwalimu, usibishe. Siku angekuja na futi mpya, ungejua kwamba amejua. Akaona bora abadili hesabu. Alikuwa anasubiri ufike kumi na minne umwambie mwenyewe huku mnakata. Ukakohoa. Basi akanifundisha mimi kanuni, akaniachia na futi, sababu hakunipa. Haikuwa yake kuitoa.

Kwa hiyo mikono yake haikumsaliti, na alilijua hilo kuliko sisi wawili.

Kipande sijakishona. Nisamehe, siwezi. Nikikirudisha, kila nilichokijua kwa miaka thelathini na miwili kitabana au kudondoka. Nimekitia kwenye kasha la miwani yake, kipo droo ya kulia, kinakusubiri. Kibati nimekishona tena, kwenye matundu yaleyale saba. Fundo langu si zuri kama lake.

Mdogo wako


15 Julai

Mwalimu,

Marahaba zote mbili.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Shemeji yako alidhani kuna msiba. Nilipomsomea, alikwenda kabatini akalitazama jino lake kwenye kikombe, akalitupa. Sijui alielewa nini, lakini kikombe nimekipata.

Nimeikagua hesabu yako mara mbili, ni sahihi. Nimekagua pia tarehe. Miwani aliivua wiki mbili kabla sijatimiza miaka kumi na minne. Asubuhi hiyo alikuwa ameshatandika kitambaa mezani, na ule mkasi mkubwa aliuweka upande wangu, mpini ukinielekea. Nimeukumbuka mpini huo maisha yangu yote bila kujua kwa nini.

Naagwa kliniki tarehe thelathini Agosti. Wauguzi wadogo wamesema nivae vizuri. Nitafika kwako tarehe mbili ya mwezi huohuo, nikae hadi suti iishe. Mwambie wifi aandae kitanda, na huyo wa paka aje kunipokea.

Kiuno changu ni themanini na nane kwa futi ya dukani. Kwa ya baba ni tisini. Gawa mara nne ni ishirini na mbili na nusu, kisha ongeza kidole. Lakini usikate. Kupima unipime wewe, kwa futi ile, nimesimama palepale kwenye meza ya baba. Kukata nitakata mimi, na wewe utanifundisha, nina miaka arobaini na mitano ya kuchelewa darasani.

Na mkasi uwe ule mkubwa.

Dada yako